Ubwimika: nani humweka mfalme?

Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Mfalme Yuhi V Musinga wa Rwanda katika makao yake ya Nyanza, wakampeleka uhamishoni Kamembe, jirani na Mururu, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Tarehe 16 ya mwezi huohuo mwanawe Rudahigwa akatawazwa.

Alitawazwa, ndiyo, lakini Kinyarwanda hakiishii hapo. Kwima ni tendo la mfalme mwenyewe: kwima ingoma, yaani kutwaa ngoma, na ingoma ni ngoma na ni utawala pia. Ngoma kuu, Kalinga, ndiyo iliyobeba heshima ya ufalme. Kwimika ni tendo la wale wanaomweka, na ndipo likatoka neno ubwimika. Katika ubwiru, yaani taratibu za siri za ufalme, kulikuwa na inzira y'ubwimika, njia ya kumsimikia mfalme. Abiru, walinzi wa siri hizo, waliziweka vichwani na kurithishana. Wasomaji wa kawaida walizipata mwaka 1964, Marcel d'Hertefelt na André Coupez walipozichapisha, ufalme ukiwa umeshazikwa.

Basi Rudahigwa aliwekwa na nani? Gavana wa Kibelgiji, Voisin, ndiye aliyemsimika, na jina la Mutara alipewa kwa ushauri wa Askofu Léon Classe. Zamu ya majina ya kifalme iliheshimiwa, maana baada ya Yuhi hufuata Cyilima au Mutara. Abiru ndio waliowekwa kando, na kwa maoni yangu bila wao kilichobaki kilikuwa sherehe tu. Hata hivyo tusiwatukuze mno wazee: Musinga naye aliipata ngoma kwa mapinduzi ya damu ya Rucunshu mwaka 1896, baada ya Mfalme Rutarindwa, aliyekwisha kusimikwa, kuangushwa.

Abiru walijibu mwaka 1959. Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura (sasa Bujumbura) tarehe 25 Julai. Siku tatu baadaye, kwenye mazishi huko Mwima, wakamtangaza mrithi mbele ya maofisa wa Kibelgiji ambao hawakuwa wameshirikishwa: Ndahindurwa, Kigeli V. Huyo alizaliwa Kamembe mwaka 1936, baba yake Musinga akiwa bado uhamishoni hapo.

Siku hizi kwimika husikika zaidi kanisani, askofu anaposimikwa. Na uwanja wa mpira wa Rusizi, wilaya ilipo Kamembe, umewahi kuitwa Kamarampaka, jina la kura ya Septemba 1961 iliyoukataa ufalme.