Mlimani na Migomo Iliyokijenga Chuo

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Maadhimisho yake hutaja majengo na shahada, lakini utawala wake umejengwa pia na migogoro. Anayeisimulia Mlimani bila migomo ameiacha nusu ya historia yake.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kulipwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwani waliolalamika walisomeshwa kwa jasho la wakulima. Mwaka 1971 madai yalikuwa mengine. Mwongozo wa TANU ulikuwa umekemea ubabe wa viongozi, na rais wa DUSO, umoja wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alipoukosoa utawala wa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, askari walimtoa chuoni. Wenzake waligoma, na hatimaye uwakilishi wa wanafunzi katika vikao vya chuo uliongezwa. Machi 1978 waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Somo la 1966 dhidi ya upendeleo sasa liliwaelekea wakubwa wenyewe. Mamia walifukuzwa, DUSO ikafutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, iliyokuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala.

Wapo wasemao migomo iliharibu masomo, na ushahidi wao ni kufungwa kwa chuo kuanzia Mei 1990 hadi Januari 1991. Hasara hiyo ilikuwa kubwa na walioibeba ni wanafunzi. Hata hivyo, ilikuja wakati wanafunzi hawakuwa na chombo chao huru, na kuikataa MUWATA kulikuwa sehemu ya mgogoro wenyewe. Kuivunja DUSO hakukuleta utulivu. Kuliondoa mahali pa kuzungumzia malalamiko kabla hayajafika barabarani. DARUSO, chombo cha wanafunzi kilichofuata, haikuwa hisani ya mtu yeyote. Ililipiwa na waliofukuzwa, na utawala unaotaka masomo yasikatike hauna budi kuisikiliza mapema.