VITA VYA BABU ZETU: NANI ALIKUWA NA HAKI, NA KIPI KILIKUWA HARAMU?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu zangu katika imani, somo la leo ni refu. Naomba usilisome nusu ukakimbilia kwenye maoni. Lisome mpaka mwisho, kisha useme unachotaka kusema.

Nilikuwa safarini kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Pale Mikumi tuliingia mgahawani kunywa chai baada ya Adhuhuri. Meza ya pili walikaa vijana wanatazama simu: nyumba katika nchi fulani ya mbali inapigwa bomu, vumbi linapanda. Kijana mmoja akasema, "Wapigwe tu, wameanza wao!" Wenzake wakacheka.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja, kofia yake mkononi. Akasema taratibu, "Mwanangu, hata babu yangu aliambiwa hivyo hivyo. Alikuwa askari wa Mjerumani. Walimwambia hawa wa milimani wameanza wao, nenda kachome. Akaenda, akachoma." Kisha akanigeukia: "Shehe, yule ni babu yangu na mimi ni damu yake. Nimuombee dua au ninyamaze?"

Ndugu zangu, nilimjibu kwa kifupi kwa sababu gari lilikuwa linaondoka. Jibu refu ndilo hili.

KWANZA: TUJUE KILICHOTOKEA

Wilaya ya Kilosa imo katika historia hii tangu mwanzo. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba, na mmoja wa waliotiwa katika mikataba hiyo ni Mangungo wa Msovero. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda ardhi hizo. Kwa karatasi hizo watu walitawaliwa.

Ikaja kodi ya kibanda. Ikaja kazi ya kulazimishwa. Ikaja pamba, mtu analima shamba la serikali huku shamba lake linaota majani. Maakida na askari wakawa na viboko. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi kule Nandete wakang'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini moto ulikwisha kutoka mikononi mwa mtu mmoja. Ukafika Liwale, Ifakara, Mahenge, Ungoni. Ukafika na huku: Wavidunda wa milima ya kusini mwa Kilosa na baadhi ya Wasagara wakaingia vitani.

Sisi Waislamu tunajua kwamba maji hayazuii risasi, na kuyategemea badala ya Allah ni batili. Lakini usiwacheke. Dhuluma waliyoilalamikia ilikuwa ya kweli. Na Mtume (s.a.w.) alimuusia Mu'adh aogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa kuwa haina pazia kati yake na Allah.

Sasa sikilizeni pande zote mbili.

Upande wa wapiganaji: tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss alikuwa njiani kutoka Kilwa kwenda bara, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wote watano waliuawa. Kwingine waliuawa watu kwa kuwa tu walikuwa maakida, wafanyabiashara au watumishi wa Mzungu, wakiwemo Waislamu wa pwani.

Upande wa serikali: Gavana von Götzen na maofisa wake waliona kwamba risasi peke yake hazitamaliza vita. Wakachagua njaa. Vijiji vikachomwa, maghala yakachomwa au kuporwa, mashamba yakaharibiwa, watu wakazuiwa kulima. Tarehe 27 Februari 1906, miaka 21 kamili tangu ile hati ya mfalme, viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 wamekufa. Mwanahistoria Gwassa alifikisha hesabu hiyo kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliouawa ni 15. Na wengi wa wale waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa: mama, mtoto, mzee asiyeweza kukimbia.

Na nani alishika kiberiti? Wazungu walikuwa wachache. Walioshika kiberiti ni askari weusi: Wasudani, Wamanyema, Waswahili na wengine. Wengi wao walikuwa Waislamu, wanaoswali kama mimi na wewe. Hili hatupendi kulisema kwenye mihadhara yetu. Leo tuseme.

PILI: SHERIA INASEMAJE?

Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, sababu ya vita ni ya haki? La pili: je, unavyopigana ni kwa haki? Mwenye haki katika swali la kwanza anaweza kuwa mkosaji katika la pili.

Katika Suratul Baqara aya ya 190 Allah ametuamrisha kupigana na wanaotupiga, na papo hapo akatukataza kuvuka mipaka. Tazama, katazo limewekwa ndani ya ruhusa yenyewe. Maana yake mtu anaweza kuvuka mipaka hata akiwa ndani ya vita vya haki. Na katika Suratul Maida aya ya 8 tumekatazwa chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu.

Mtume (s.a.w.) alipita katika vita akamkuta mwanamke ameuawa. Akalichukia jambo lile, akaeleza kwamba yule hakuwa mtu wa kupigana, na akakataza kuua wanawake na watoto. Sayyidna Abubakar alipomtuma Yazid bin Abi Sufyan kwenda Sham alimuusia asiue mwanamke, mtoto wala mzee, asikate mti wa matunda, asibomoe makazi, asichinje mbuzi wala ngamia ila kwa kula, na awaache watu wa ibada katika nyumba zao.

Ndugu yangu, weka wasia huo mbele yako, kisha pima. Masista wawili njiani Liwale: hawakuwa watu wa kupigana. Ghala la mtama la mjane wa Kividunda: halikushika mkuki. Mizani ni ile ile kwa wote.

Atakuja mtu wa elimu aseme: "Shehe, mbona mitende ya Banu Nadhir ilikatwa?" Kweli, ilikatwa, na Suratul Hashr imelitaja jambo hilo, na kwa ajili hiyo maulamaa wamehitilafiana juu ya kuharibu miti vitani. Lakini hitilafu hiyo ni juu ya mti. Hakuna aliyeitumia akapata ruhusa ya kumkusudia mtoto afe kwa njaa ili baba yake asalimu amri.

TATU: "NILIAGIZWA"

Hapa ndipo penye babu wa yule mzee. Na hapa Sira imetupa kisa kizito.

Baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid kwa Banu Jadhima. Watu wale walitaka kusema wamesilimu, lakini hawakulitamka vizuri neno. Khalid akawaua baadhi na kuwateka wengine, kisha akaamrisha kila mtu amuue mateka wake. Abdullah bin Umar alikuwemo. Akakataa. Akasema hatamuua mateka wake, wala yeyote katika wenzake hatamuua wa kwake.

Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alinyanyua mikono yake akajitenga mbele ya Allah na alichokifanya Khalid, mara mbili. Kisha akamtuma Sayyidna Ali na mali, akalipa diya za watu na fidia ya vitu vyao, mpaka chombo cha kunyweshea mbwa. Mali ikabaki, akawaachia kwa tahadhari, isije ikawa kuna haki iliyosahauliwa.

Zingatia mambo manne:

1. Kosa liliitwa kosa, ingawa aliyelifanya ni wa upande wetu, tena shujaa.

2. Amri ya kamanda haikumfunga Ibn Umar. Kwa hiyo "niliagizwa" haitoshi mbele ya Allah.

3. Aliyeumizwa alilipwa. Hakupewa maneno peke yake.

4. Khalid hakutupwa. Alibaki Muislamu, akabaki kamanda. Kukilaani kitendo si kumfukuza mtu kwenye rehema ya Allah.

NNE: SISI TULIOKUJA NYUMA

Wajukuu wana magonjwa mawili. Kuna anayesema, "Babu zetu walikuwa mashujaa, hawakukosea," akafunika damu ya wasio na hatia. Kuna anayesema, "Yale ya zamani, tuyaache," akafunika dhuluma nzima. Wa kwanza anadanganya kwa sifa, wa pili anadanganya kwa kunyamaza.

Qur'ani imetupa njia. Suratul Baqara aya ya 134: umma ule umepita, una ilichochuma, nasi tuna tulichochuma, wala hatutaulizwa matendo yao. Kwa hiyo yule mzee wa Mikumi habebi dhambi ya babu yake. Na Suratul Hashr aya ya 10 inatufundisha kuwaombea maghufira waliotutangulia katika imani. Kwa hiyo amuombee. Lakini Suratun Nisaa aya ya 135 inatuamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi japo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kwa hiyo anapomuombea asiseme babu hakuchoma. Aseme: "Ya Allah, alichoma, msamehe, na waridhishe waliochomewa."

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Songea Mbano. Kuomba msamaha ni jambo jema. Lakini kumbuka chombo cha mbwa cha Banu Jadhima. Katika dini yetu haki ya mja haiishii kwenye ulimi.

Na msidhani somo liliishia 1907. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Kilosa, yakashuka kuelekea Kidodi kuwafuata Wajerumani. Waislamu walikuwemo pande zote mbili, na Wajerumani walitumia hata wito wa jihadi uliotolewa na Sultani wa Uturuki ili kuwashawishi. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa watu. Majirani zetu wa Ugogo baada ya hapo walipata njaa waliyoiita Mtunya, na maelfu wakafa. Waliokufa hawakuuliza Mjerumani ameanza au Mwingereza ameanza.

MWISHO

Narudi kwa kijana wa simu. Mwanangu, mimi nawe hatukushika kiberiti Uvidunda. Lakini mwenye kuridhia dhuluma ana sehemu yake ndani yake. Ukicheka nyumba ya mtu ikibomoka na wewe hujui ndani yupo nani, umejiandikia kitu bila kurusha bomu. Na siku moja wajukuu zako watasoma ulichokiandika humu mtandaoni, nao watauliza: tumuombee babu, au tunyamaze?

Wilaya hii ina wajukuu wa waliochomewa na wajukuu wa waliochoma. Wameoana, wanaswali safu moja, wanazikana makaburi mamoja. Tukisema ukweli hatuwafarakanishi. Tukiuficha, ndipo shetani anapopata pa kukaa.

Ukiwa na mzee nyumbani, muulize leo alichosikia kwa wazee wake. Kiandike. Kisha muombee yeye na waliomtangulia.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi na ndugu zetu waliotutangulia kwa imani. Wape haki zao waliodhulumiwa. Usitujaalie kuwa wenye kudhulumu, wala wenye kushangilia dhuluma. Aamiin.

Wallahu a'lam.

Mfikishie na mwenzako, huenda Allah akamnufaisha.