Koilova
Koilova ni sehemu ya sasipensheni ambayo springi ya mviringo huizunguka shokapu, zikafungwa kwenye gari kama kifaa kimoja. Katika soko la vipuri, jina hili humaanisha seti yenye hesi na nati za kurekebisha kimo cha gari.

Uchaguzi. Ugumu wa springi hupimwa kwa kilo kwa milimita: springi ya 6 hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 6. Springi ngumu hupunguza gari kulala kwenye kona, lakini shokapu isiyolingana nayo huliacha gari likirukaruka. Katika seti rahisi, kushusha nati ya springi hupunguza safari ya shokapu, yaani umbali inaoweza kusogea. Seti bora hurekebisha kimo kwa kusogeza kikombe cha chini cha shokapu, na safari hubaki ileile.

Mazingira. Barabara ya Taifa namba 39 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ipitayo Kolwezi hadi Dilolo, mpakani mwa Angola, ina vipande virefu vya udongo. Huko gari la michezo lililoshushwa hugonga tumbo. Vumbi hula sili, na tope hugandisha nati. Kinyume chake, magari ya Safari Rally ya Kenya, iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huinuliwa na kupewa safari ndefu ya shokapu.

Ufungaji. Baada ya kubadili kimo, magurudumu hufanyiwa alaimenti na taa za mbele huelekezwa upya. Hesi husafishwa na kupakwa grisi.