Mgeni Ndani ya Bua

Ukifika Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, uliza nani anamaliza mahindi. Utatajiwa jua, kisha ndovu wa Tsavo. Si uongo. Lakini kuna mwingine asiyeonekana: funza anayeishi ndani ya bua.

Mama yake ni nondo mdogo wa rangi ya majani makavu, Chilo partellus. Hutaga mayai usiku kwenye majani. Funza wakianguliwa, hula jani kwanza, kisha hutoboa bua na kuingia. Wakila kiini cha mche mchanga, jani la katikati hukauka. Ukilivuta, linatoka tu.

Huyu si mwenyeji. Kwao ni Asia. Huku kwetu Afrika alionekana kwanza Malawi, karibu na mwaka 1930, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa Afrika Mashariki. Pwani ya Kenya alimkuta binamu yake wa kienyeji, Chilo orichalcociliellus, akamsukuma kando.

Lakini hata mahindi ni mageni, yalitoka Amerika. Mtama ndio wa hapa Afrika. Funza anaula pia, ila mtama una ujanja wake: kiini kikifa, unachipua upya pembeni. Mhindi ukipigwa mapema, basi, umekwisha.

Tatizo ni kwamba mbegu ya kienyeji huishi kwa kupandwa kila msimu. Mwenye mbegu akihamishwa, mnyororo unakatika. Na Kasigau watu walihamishwa kweli: mwaka 1915 Waingereza waliwapeleka Malindi kwa nguvu, wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani vitani. Wengi walifia huko. Ukihesabu waliokufa, kumbuka pia misimu iliyopita bila mtu wa kupanda.

Mwaka 1993 watafiti wa ICIPE waliachilia pwani nyigu mdogo sana kutoka Pakistan, Cotesia flavipes, ambaye hutaga mayai ndani ya funza. Alizoea, akaenea. Funza walipungua, hawakuisha. Kiangazi hulala ndani ya mabua makavu, wakingoja mvua kama sisi tu.

Kwa hivyo baada ya kuvuna, usiache mabua yamesimama shambani. Wape mbuzi. Na mvua ikija, panda hata mistari miwili ya mtama. Si kwa kumbukumbu tu. Ni kwa sababu unajua kuchipua tena.