Barakoa ya safari

Barakoa ya safari ni kifuniko cha mdomo na pua anachovaa abiria ndani ya matatu, basi, ndege au meli ili kuzuia matone ya mate, hewa yenye maambukizi na vumbi. Isiolo, kama kwingineko nchini Kenya, wengi huiita maski. Makala hii inazitazama barakoa kwa jinsi zinavyomfaa msafiri anayeanzia au kupitia mji wa Isiolo, yapata kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi, kwenye barabara kuu ya A2 iendayo Marsabit na Moyale. Barakoa yoyote ya safari ina mitihani miwili: itakubaliwa mlangoni, na itazuia kitu? Majibu ya mitihani hii hayalingani kila mara, na ni hatari kudhani kwamba kilichopita mlangoni ndicho kinachokinga.

Kabla ya korona

Kufunika uso safarini ni desturi ya zamani kaskazini mwa Kenya. Kabla ya lami kufika Moyale katika miaka ya 2010, watu wengi walisafiri juu ya malori ya mifugo na bidhaa, siku nzima au zaidi, kwenye barabara ya mawe na vumbi. Wanaume walijizungushia kilemba au shuka hadi chini ya macho, wanawake wakavuta mtandio puani. Vumbi hilo bado lipo kwenye njia zisizo na lami, kama ile ya Merti, na kwenye pikipiki za bodaboda zinazoingia vijijini.

Kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa hunasa mchanga na vumbi zito. Vumbi laini, lile linaloelea hewani muda mrefu baada ya gari kupita na kufika ndani kabisa ya mapafu, hupenya kwenye nyuzi. Mwenye pumu hapaswi kuegemea shuka pekee.

Kanuni za mwaka 2020

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Mwanzoni mwa Aprili serikali ilichapisha kanuni chini ya Sheria ya Afya ya Umma, zikimtaka kila aliye mahali pa umma avae barakoa inayofunika mdomo na pua. Mkaidi aliweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000, kufungwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Magari ya abiria yalipunguziwa watu hadi asilimia 60 ya viti, hivyo matatu ya viti 14 ikawa ya abiria 8. Kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7 eneo la Nairobi lilifungwa kwa wasafiri, na Mei 6 mtaa wake wa Eastleigh, soko kubwa la maziwa ya ngamia yatokayo Isiolo, nao ukawekewa vizuizi vyake. Mizigo iliruhusiwa kupita. Mama muuza maziwa hakuruhusiwa kuifuata.

Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilitoa viwango vya barakoa, na viwanda vya ndani kama Rivatex cha Eldoret na KICOTEC cha Kaunti ya Kitui vikashona kwa wingi. Lakini afisa aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani hakuwa na chombo cha kupimia kitambaa. Aliona uso uliofunikwa au usiofunikwa, basi. Ndiyo sababu leso nyepesi na mtandio wa safu moja viliweza kupita pale pale palipopita barakoa ya hospitali. Sharti la kuvaa hadharani liliondolewa Machi 11, 2022, likarudishwa Juni mwaka huo kwa magari ya umma na mikutano ya ndani maambukizi yalipopanda tena. Siku hizi kuvaa ni hiari, na hiari hiyo inastahili kutumiwa na yeyote mwenye kikohozi, mzee, mjamzito au mgonjwa wa kifua anayepanda gari lililojaa. Kifua kikuu nacho husafiri kwa hewa ya ndani ya gari lililofungwa madirisha, na barakoa ya mgonjwa huwakinga jirani zake kuliko barakoa zao zinavyowakinga wao.

Aina na uwezo wake

Barakoa ya upasuaji, ile ya buluu yenye mikunjo mitatu, imetengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini. Safu yake ya kati ndiyo kichujio: nyuzi zake nyembamba sana hubeba chaji ya umeme inayovuta chembechembe. Ikisuguliwa kwa sabuni chaji hupotea, kwa hiyo hii haifuliwi.

Barakoa ya kitambaa hutofautiana mno. Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza safu tatu: pamba ndani, kichujio cha polipropilini katikati, na kitambaa kisichonyonya maji nje. Iliyoshonwa kwa kipande kimoja cha kitenge ni nzuri machoni tu. Njia rahisi ya kuipima ni kuiinua kwenye jua. Ukiona mwanga unapenya wazi kati ya nyuzi, iache.

N95 ni kiwango cha Marekani kinachotaka kichujio kizuie angalau asilimia 95 ya chembe ndogo. KN95 ni kiwango cha China, FFP2 ni cha Ulaya chenye asilimia 94. Hizi ndizo bora, mradi zigande usoni pande zote. Nywele za ndevu zikikatiza ukingo, hewa hupita pembeni na sifa ya kichujio haina kazi tena.

Nyingine zina vali, kidude cha plastiki kinachofunguka unapotoa pumzi. Kwa dereva wa lori la mchanga ni nafuu kubwa, kwani joto halikusanyiki ndani. Kwa kuzuia maambukizi ina upungufu: humlinda mvaaji, ila pumzi yake hutoka bila kuchujwa. Hapa ndipo mitihani miwili inapoachana waziwazi, maana shirika la ndege lingekukataza kifaa kinachokukinga wewe vizuri kuliko leso ya jirani yako.

Ushahidi wa nje ya maabara upo. Utafiti uliofanywa Bangladesh kati ya 2020 na 2021, katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000, ulionyesha kuwa vijiji vilivyopewa na kuhimizwa kuvaa barakoa za upasuaji vilipunguza maambukizi yenye dalili kwa takriban asilimia 11, na kwa asilimia 35 miongoni mwa watu wenye miaka 60 na zaidi. Kwa barakoa za kitambaa matokeo hayakuwa bayana hivyo. Ikumbukwe kuwa hata vijijini humo si wote waliovaa.

Kuikaza usoni

Aina ikishachaguliwa, kazi kubwa zaidi ni kuikaza. Barakoa ya upasuaji huacha mianya mashavuni. Ikunje katikati kwa urefu, funga fundo dogo kwenye kila kamba karibu kabisa na ukingo, kisha chomeka ndani pembe zinazobaki wazi. Bana utepe wa puani kwa vidole viwili, ukianzia juu ya mfupa kuelekea mashavuni. Pumua kwa nguvu: hewa ikipanda machoni au miwani ikishika ukungu, bado kuna mwanya. Wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walionyesha mapema 2021 kwamba kukaza kwa fundo, au kuvaa ya kitambaa juu ya ile ya upasuaji, huongeza kinga kwa kiwango kikubwa kuliko kuvaa moja iliyolegea.

Kwa mwanamke anayevaa hijabu, na Isiolo ni wengi, kamba za masikioni ni tatizo la kila safari. Zikiwa juu ya mtandio hulegea na kuteleza; zikiwa chini yake, kuishusha barakoa unywe maji ni lazima uvue mtandio mbele ya watu. Dawa yake ni kamba za kufunga nyuma ya kichwa, au kushonea vifungo viwili kwenye kofia ya ndani ya hijabu, nyuma ya masikio, na kunasa kamba hapo. Kamba za nyuma humfaa pia Msamburu au Mturkana mwenye mapambo masikioni. Nikabu peke yake ni kitambaa chepesi kinachoning'inia wazi kwa chini, kwa hiyo barakoa huvaliwa ndani yake, nayo haionekani.

Kisha kuna miraa. Mji uko mlangoni mwa Nyambene, vilima vinakolimwa miraa, na anayeitafuna kutoka Isiolo hadi Marsabit hushusha barakoa kidevuni kila dakika chache, akiishika mbele kwa vidole vilevile. Barakoa ya namna hiyo haina faida. Bora aketi dirishani, afungue kioo, na atafune kabla ya gari kujaa.

Joto nalo lina sauti. Mchana wa Isiolo mara nyingi hupita nyuzi 30 za selsiasi, na barakoa iliyoloa jasho hufanya kupumua kuwa kazi. Kwa safari ya saa tano au sita kwenda Nairobi, barakoa mbili kavu kwenye mfuko wa karatasi zinatosha. Watoto wa miaka 5 na chini, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, wasilazimishwe.

Ng'ambo

Enzi za korona, aliyetoka Isiolo kwenda Hija au Umra, au kazini Ghuba, alikutana na masharti ya wengine. Mwaka 2021 kampuni za ndege za Lufthansa na Finnair zilikataa kabisa barakoa za kitambaa, zikitaka za upasuaji au FFP2 zisizo na vali. Amri ya CDC ya kuvaa barakoa, iliyoanza Februari 2021 na kufutwa na mahakama Aprili 2022, ilihusu ndege, mabasi na meli pia. Ilikataa shali, leso za kufunga usoni na zenye vali. Ukali huo kwa meli ulikuwa na sababu: Februari 2020 meli ya kitalii Diamond Princess, yenye watu 3,711, ilizuiwa Yokohama, na zaidi ya 700 wakaambukizwa. Barakoa iliyopita karibu kila mlango ilikuwa ya upasuaji iliyokazwa, au FFP2 bila vali. Kwa mahujaji, mwanamke aliye katika ihramu havai nikabu, ila wanazuoni wengi wameruhusu barakoa ya afya penye haja.

Kufua na kutupa

Ya kitambaa hufuliwa kwa sabuni kila baada ya safari na kuanikwa juani, jambo ambalo jua la Isiolo hulimaliza kwa muda mfupi hata pale maji ya kufulia yanaponunuliwa kwa mtungi. Ya upasuaji ni plastiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 haikuihusu, nayo ikitupwa dirishani huishia malishoni, ambako mbuzi na ng'ombe humeza plastiki na kuziba matumbo. Ikunje upande wa ndani ukiwa ndani, kata kamba zake, uifunge kwenye karatasi hadi ufike penye pipa au shimo la taka.