Asili na Kazi ya Kanuni za Baraza

Watu wakikusanyika kushauriana huhitaji mambo mawili: mahali pa kunenea, na utaratibu wa kunena. Mahali si taabu kupata, kwani hata kivuli cha mti chatosha. Utaratibu ndio mgumu, maana humtaka mwenye nguvu anyamaze wakati wa zamu ya mnyonge, na mwenye haraka angoje hata shauri liive. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa ufupi jinsi utaratibu huo ulivyokuwa na kubadilika katika nchi yetu, toka mabaraza ya pwani ya kale hata halmashauri za leo. Na kwa kuwa habari za miji mikuu zina desturi ya kufunika habari za mashamba, nitaiweka mbele ya msomaji kata ya Ibaba, katika wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, ili kila kanuni tuipime kwa swali moja: yamfaa nini mtu wa Ibaba?

Yafaa tuanze na majina, kwa kuwa majina huhifadhi historia ambayo vitabu huisahau. Baraza, kwanza, ni kibao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo mwenye nyumba hukaa na wageni wake pasipo kuwaingiza ndani. Kwa hiyo jina lenyewe latuambia kwamba shauri la watu hufanywa mahali palipo wazi, machoni pa wapitao njia. Diwani ni neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Maana yake ya awali ni daftari, kisha ofisi ya daftari, kisha mkutano wa watu wa serikali. Na kwa upande mwingine likawa mkusanyo wa mashairi ya mtu mmoja. Hoja asili yake ni ushahidi au thibitisho, wala si maneno matupu. Muhtasari ni maneno yaliyofupishwa. Basi mtu aliyesimama barazani na kutoa hoja pasipo thibitisho amekosa lugha kabla hajakosa kanuni.

Katika miji ya Mrima karne ya kumi na tisa, diwani lilikuwa jina la heshima la wakuu wa mji. Kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho Carl Velten alikichapisha mwaka wa 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na wenziwe, chatupa picha ya miji ile: jumbe pamoja na waziri, shaha, amiri na akida, kila mmoja na daraja yake, na kila daraja na ada zake. Mtu hakuketi mahali pasipo pake, wala hakupewa cheo asichokitolea ada. Utaratibu ulikuwapo, tena ulikuwa mkali. Lakini ulikuwa utaratibu wa daraja. Ulimwambia mtu akae wapi na apewe nini, kuliko kumwambia namna ya kupinga neno la aliyemzidi cheo.

Tukipanda bara, hata milima ya kusini magharibi, twakuta namna nyingine. Wanyakyusa, ambao Wandali wa Ileje ni jirani zao na ndugu zao kwa lugha na mila, walichunguzwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica katika miaka ya 1930, na mwaka wa 1951 Monica Wilson akatoa kitabu juu ya vijiji vyao vya marika. Ameeleza mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni ukwangala, yaani starehe ya kukaa na wenzi, kula nao na kuzungumza nao. Wenyeji waliamini kwamba katika mazungumzo hayo ndimo mtu apatamo busara na adabu, na mtu akaaye peke yake hubaki mpumbavu. La pili ni kwamba wakuu wa vijiji hawakutoka katika ukoo wa kitawala. Walikuwa watu wa kawaida waliochaguliwa, na waliweza kumkemea mtawala kwa jina la watu wake. Hapo pana mbegu ya jambo ambalo baadaye litaandikwa katika vitabu vya kanuni: kwamba mkuu wa baraza naye yu chini ya baraza.

Nayaeleza haya kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba kanuni za mikutano ni kitu cha kigeni, kilicholetwa na Waingereza pamoja na kofia zao. Neno hilo ni nusu ya kweli. Adabu ya kunena ilikuwapo kabla yao. Kilichokuja na wageni ni mambo matatu: kuiandika kanuni, kuhesabu kura, na kuweka kumbukumbu ya yaliyoamuliwa. Hayo si madogo. Katika mabaraza mengi ya wazee shauri lilizungumzwa mpaka watu wapatane, na Julius Nyerere, alipoandika juu ya demokrasia na chama mwaka wa 1963, aliisifu desturi hiyo kuwa ndiyo msingi wa demokrasia ya Kiafrika. Kura hukata shauri upesi, lakini humwacha aliyeshindwa na uchungu wake. Ndiyo maana kanuni iliyoandikwa ilihitajika zaidi: mahali ambapo wachache watashindwa kwa hesabu, hapana budi wahakikishiwe kwanza kwamba wamesikiwa.

Lakini wageni hawa hawakuleta kanuni zao zote kwa watu wote. Sheria ya mwaka wa 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu mamlaka ya kutawala kwa niaba ya serikali. Bundali ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe, yenye makao yake Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Mtu wa milimani alikuwa na chifu juu yake, na juu ya chifu alikuwa na bwana shauri. Utawala ule wa machifu haukumpa mtu wa kawaida kura ya kumchagua wa kumsemea. Mjini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Dar es Salaam ilifanywa manispaa mwaka wa 1949, ikawa na meya na baraza lenye taratibu za Kiingereza. Hivyo nchi moja ilikuwa na adabu mbili za kutawaliwa: mjini kwa kanuni zilizoandikwa, mashambani kwa amri.

Mwaka wa 1953 ilitungwa sheria mpya ya serikali za mitaa, iliyokusudia kuleta mabaraza ya wilaya yenye wajumbe wa mataifa yote, Waafrika, Wazungu na Waasia. Katika Geita, mwaka wa 1958, serikali ilijaribu kuwawekea watu baraza la namna hiyo pasipo ridhaa yao. Watu wakalikataa, wakaenda Mwanza kwa wingi kulalamika, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi, na mwisho serikali yenyewe ikarudi nyuma. Fundisho la Geita ni hili: kanuni hata iwe nzuri vipi, haina nguvu juu ya watu ambao hawakuulizwa kama walitaka baraza lenyewe. Akidi, yaani ile idadi ya wajumbe itoshayo kufungua mkutano, ya kwanza yapasa kuwa watu wenyewe.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1960, Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Wasomaji wa jarida kama hili wamjua kwa jambo jingine: mwaka wa 1954 alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Mtu aliyewafundisha wenzake vina na mizani akaja kuongoza madiwani. Huenda wengine wakaona ni sadfa tu, lakini mimi naona pana mafunzo ndani yake. Mshairi ajuaye kazi yake haioni mizani kuwa kifungo, kwa kuwa mizani ndiyo ifanyayo neno lake lipokelewe na kukumbukwa. Vivyo hivyo mjumbe ajuaye kanuni huona kwamba zamu ya kusema, kusema kwa kupitia kwa mwenyekiti, kutotoka nje ya hoja, na kutomtukana mwenzi, ni mizani ya kauli yake. Dar es Salaam ilipandishwa kuwa jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru. Sheikh Amri alifariki mwaka wa 1964, akiwa amekwisha kuwa waziri katika serikali.

Baada ya uhuru utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka wa 1963, na halmashauri za wilaya zikashika mahali pao. Kwa mara ya kwanza mtu wa milimani na mtu wa mjini walikuwa chini ya adabu moja. Lakini umoja huo haukudumu. Mwaka wa 1972 ulikuja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Za miji zikafuata baadaye kidogo. Kusudi lilikuwa kupeleka uwezo karibu na watu. Kilichopelekwa zaidi ni maofisa. Kamati zilikuwapo, na wananchi walikaribishwa kutoa maoni, lakini uamuzi ulikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuchaguliwa wala hawakuweza kuondolewa kwa kura. Wilaya ya Ileje ilizaliwa katikati ya miaka ile ya 1970, ilipokatwa kutoka Rungwe. Yaani ilizaliwa katika wakati usiokuwa na halmashauri. Ilipata ofisi kabla ya kupata baraza.

Huduma za miji zilipodhoofika, halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria ya mwaka wa 1978. Mwaka wa 1982 zikatungwa sheria mbili, ya mamlaka za wilaya na ya mamlaka za miji, na mwaka wa 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Katiba nayo ikapata ibara ya 145 na ya 146, zisemazo kwamba serikali za mitaa zitakuwapo na kwamba kazi yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka huo wa 1984, alikiri kwamba kuziondoa serikali za mitaa lilikuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia. Kukiri huko kwapasa kuheshimiwa, na pia kukumbukwa: miaka zaidi ya kumi ya mashauri ya watu ilipotea.

Sasa turudi Ibaba. Tangu mwaka wa 2016 Ileje imekuwa katika mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya, na halmashauri yake hukutana Itumba. Diwani wa Ibaba ni mmoja kati ya wengi. Hana mali ya kuwanunua wenziwe, wala kata yake haina wingi wa watu wa kumtisha mtu. Silaha yake ni kitabu cha Kanuni za Kudumu. Kitabu hicho husema kwamba mkutano utaitishwa kwa taarifa, ili asikute shauri limekwisha kabla hajafika. Kwamba ajenda itajulikana mapema, ili barabara au zahanati ya kata yake isizikwe chini ya mengineyo. Kwamba pasipo akidi hapana uamuzi. Kwamba mwenye maslahi katika zabuni atayatangaza na kutoka. Na kwamba muhtasari wa mkutano uliopita utasomwa na kuthibitishwa, ili ahadi ya jana isikanwe leo. Kanuni za maadili ya madiwani, zilizotolewa mwaka wa 2000, zimeongeza kumkataza mjumbe kutumia cheo chake kwa faida yake. Mkurugenzi, ambaye ni mtu wa kuteuliwa, ndiye katibu wa baraza, na kalamu ya muhtasari iko mkononi mwake. Kwa sababu hiyo dakika zile chache za kuthibitisha muhtasari, ambazo wajumbe wengi huzipitisha kwa kupiga miayo, ni miongoni mwa dakika kubwa kuliko zote za mkutano.

Wala mji mkubwa haukuepukana na majaribu. Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa mwaka wa 1996, na tume ikatawala hata mwaka wa 2000. Uchaguzi wa meya baada ya uchaguzi mkuu wa 2015 uliahirishwa zaidi ya mara moja kwa ubishi juu ya nani ni mpiga kura halali, ukamalizika Machi 2016. Januari 2020 meya huyo alipigiwa kura ya kuondolewa, na ubishi ukawa juu ya hesabu: je, theluthi mbili zilitimia? Februari 2021 halmashauri hiyo ya jiji ikavunjwa, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Mimi sitahukumu hapa nani alikuwa na haki. Natazama tu kwamba pande zote zilipogombana zilikimbilia kanuni, kila upande ukidai ndio unaozifuata. Hata aivunjaye kanuni hutaka aonekane kuwa ameitii; na heshima hiyo ya kinafiki ni dalili kwamba kanuni ingali na uzito mbele ya watu.

Limebaki jambo la lugha, ambalo ni letu sisi wa fani hii. Kwa miaka mingi sheria za nchi ziliandikwa kwa Kiingereza, na diwani wa kijijini akaletewa tafsiri, au akategemea maelezo ya ofisa yule yule ambaye kanuni ilimtaka amsimamie. Mwaka wa 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Ni hatua njema, lakini kazi haijaisha. Kanuni iliyotafsiriwa kwa maneno mazito, ambayo hata mwalimu wa lugha huisoma mara tatu, ni mlango uliofunguliwa nusu. Yatupasa wanafunzi na walimu wa Kiswahili kuzisoma kanuni hizi kama tusomavyo mashairi, neno kwa neno, na kusema wazi mahali zilipo na giza.

Nimeeleza kwamba Geita ilituonyesha kanuni bila watu, na miaka baada ya 1972 ikatuonyesha watu bila baraza. Yote mawili yaliishia katika hasara, na hasara iliwaangukia kwanza wale waliokaa mbali na ofisi. Mwenye nguvu aweza kuishi pasipo kanuni, maana mlango hufunguliwa amwonapo bawabu. Mtu wa Ibaba hana mlango ila ule ulioandikwa. Anayeufunga, hata kwa nia njema, na ajue amemfungia nani.