Akiba ya Nani? Pori la Moyowosi na Upweke Unaouzwa kwa Wageni

Katika Kiswahili cha nyumbani, akiba ni kitu ambacho mwenyewe amekiweka kando kwa hiari yake, akijua atakitumia lini na atakula na nani. Moyowosi, upande wa mashariki wa nyanda za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, ni Pori la Akiba tangu 1981. Ninalihoji jina hilo, kwa sababu mgeni anayelala katika kambi ya kifahari ya porini hununua kitu kimoja kinachozidi nyati na simba: kutokuwapo kwa watu.

Hali hiyo haikuletwa na maumbile. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe Afrika Mashariki. Malisho yakawa vichaka, na vichaka vikawa makao ya mbung'o. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza, ikipambana na malale, iliwatoa Waha, wenyeji wa nyanda hizo, katika makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya kwenye maeneo machache yaliyofyekwa. Wanaume wengi walikwisha kwenda kukata mkonge Tanga wakiwa manamba. Kisha 1972 ikaja Operesheni Kigoma, kaya zikahamishiwa vijiji vya ujamaa. Kila mara watu walipoondolewa, pori liliingia mashambani mwao. Watafiti John Ford, mwaka 1971, na Helge Kjekshus, mwaka 1977, walionyesha kuwa mbung'o hustawi pale ambapo wakazi wamepoteza uwezo wa kuitawala ardhi yao. Kjekshus aliupamba mno wakati wa kabla ya ukoloni, lakini kiini cha hoja yake kinasimama, na Buha, nchi ya Waha, ni ushahidi wake.

Mahale, kusini zaidi kando ya Ziwa Tanganyika, ni vivyo hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi huko 1965 wakiishi jirani na wenyeji wake, Watongwe. Miaka ya 1970 Watongwe walihamishwa, na 1985 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa. Leo mtalii hufika kwa ndege ndogo na boti, akauona ufukwe mtupu na kuamini kuwa ndivyo ulivyoumbwa.

Watetezi wa hifadhi wana hoja nzito. Ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, ambayo pori la Moyowosi ni sehemu yake, na iliyokuwa ya kwanza Tanzania kuingia katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000, ni makao ya korongo nyangumi na nzohe. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zimeonyesha jinsi mahitaji ya kuni yanavyoweza kulemea miombo. Bila ulinzi, sehemu kubwa ingekuwa imekwisha. Hilo nalikubali kabisa. Lakini kulinda ni jambo moja, na kumiliki ni jingine. Mrina asali akikutwa porini bila kibali ni mhalifu, hata kama babu yake alitundika mizinga kwenye miti hiyohiyo. Mgeni aliyelipia kitanda ni mteja mheshimiwa. Sheria inayowatenganisha hivyo haijauliza nani aliweka akiba.

Basi kabla kitalu cha uwindaji au eneo la kambi halijagawiwa, masharti ya mkataba yasomwe kwa Kiswahili katika mikutano mikuu ya vijiji vinavyopakana na pori, Kasulu na Kibondo. Na warina asali wapewe misimu yao kisheria, kwa maandishi, ndani ya mkataba huohuo.